Kengele Iliyokataliwa

Bi Aune hakuuliza kama mgeni wake anakunywa kahawa. Alimimina vikombe viwili, akasukuma sahani ya mikate ya iliki katikati ya meza, kisha akakaa upande wa dirishani, mahali ambapo aliweza kuiona nyumba ya jirani yake bila kugeuza shingo.

"Kula," alisema. "Umekonda wewe. Siku hizi polisi hamlishwi?"

Inspekta Hillevi Kärnä alichukua mkate mmoja, akaumega. Hii ilikuwa mara yake ya pili kufika kijiji cha Kallioranta kwa ajili ya kesi hii. Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi asubuhi, wakati maiti ya Mzee Taisto Vänskä bado imelala kwenye ngazi kati ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke, na nyumba, taulo limeganda mabegani. Mzee alikuwa fundi mstaafu wa mashine za boti zilizokuwa zikivuta magogo mtoni. Jumatano jioni alitoka sauna kama alivyofanya kila Jumatano ya maisha yake, akateleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika. Mkononi alikuwa na bangili ya kengele, ile wanayopewa wazee wanaoishi peke yao: unabonyeza, kisanduku cha ukutani kinaita seva ya halmashauri, na mhudumu wa zamu anakuuliza umepatwa na nini. Mzee Taisto alibonyeza. Hakuna aliyemjibu. Baridi ya Novemba ikafanya yaliyobaki, na asubuhi Bi Aune alipoona bomba la moshi la jirani yake limepoa, akavaa buti akaenda kutazama.

Kesi ilionekana imekwisha kabla haijaanza, kwa sababu siku iliyofuata mtu alikuja kituoni kwa miguu yake na kusema yeye ndiye muuaji.

Alikuwa Sirkku, binti pekee wa marehemu. Alikuwa amekatisha likizo yake katika kisiwa cha Tenerife, pua bado imebabuka kwa jua. Yeye ni mmoja wa mafundi wawili wanaoitunza seva ile ile ambayo haikumsikia baba yake. Alieleza bila kuulizwa. Mwaka uliopita wazee wote walipewa bangili mpya. Baba yake alikataa. Ile aliyoivaa ilikuwa ya mkewe, Helmi, na tangu Helmi afariki hakukubali kuivua hata akiogelea. Lakini programu mpya ya kupokea kengele haikuwa inazielewa bangili za zamani. Kwa hiyo Sirkku akaiacha programu ya zamani ndani ya seva kando ya mpya, na kimyakimya akaifanya hiyo ya zamani ndiyo itumike, kwani ilisikia bangili zote, mpya na kuukuu.

"Nilimficha baba yangu ndani ya mashine," alisema. "Sikumwambia mtu. Kisha wakati wa vuli tukahamia seva mpya. Huko ilinibidi nichague upya. Nadhani nilisahau. Safari nzima ya ndege nimekuwa nikijaribu kukumbuka, sikumbuki. Nimemuua, Inspekta."

Akaweka mezani simu yake na ufunguo wake wa seva, kijiti cheusi kisichozidi kidole gumba, kisha akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayesubiri pingu. Kärnä hakumfunga. Alimpa chai, akakaa naye hadi mchana, akamrudisha kwao.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na alitaka kusikia jambo moja tu kwa Bi Aune.

"Mara ya mwisho kuongea na marehemu ilikuwa lini?"

"Kuongea sawasawa? Jumapili. Jumatatu na Jumanne tulipungiana mikono tu, theluji ilikuwa nyingi." Bi Aune alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Jumapili nilikuwa kwake, tunacheza karata. Taisto anapiga karata mezani kama anaua nzi, unajua? Bangili ikajibonyeza. Ghafla ukuta unasema, 'Taisto, kuna nini huko?' Na yule mzee, bila haya: 'Kuna mwanamke hapa ananiibia karata, nileteeni polisi!'"

Alicheka. Kicheko kilifika katikati, kikakatika, akageuka kuitazama nyumba ya jirani yake.

Kärnä aliuweka mkate chini. "Ukuta ulijibu."

"Ulijibu, ndiyo. Binti wa zamu alicheka sana."

"Jumapili hiyo, Bi Aune. Siyo ya kabla yake? Fikiria vizuri."

"We mama, mimi nina miaka themanini, sina mia mbili. Ilikuwa Jumapili ambayo Sirkku ameshafika huko kwenye jua. Alimpigia baba yake simu ya picha, tukamwona amevaa kofia kubwa kama mwavuli. Taisto akamwambia, 'Usiungue, hatuna hela ya kununua ngozi nyingine.'" Akamtazama Kärnä kwa wasiwasi. "Vipi? Nimesema kitu kibaya?"

"Umesema kizuri."

"Basi mbona umeacha kula?"

*

Mkurugenzi wa huduma za wazee, Gunnel Hedman, alikuwa na ofisi ghorofa ya pili yenye maua ya plastiki na dirisha linalotazama bandari iliyoganda. Alimpokea Kärnä akiwa amesimama, ishara ya mtu anayetaka mazungumzo yawe mafupi.

"Nilidhani mmemaliza. Si amekiri?"

"Amekiri kwamba alisahau. Hakusahau. Jumapili bangili ya marehemu ilisikika, na wakati huo Sirkku ameshaondoka nchini. Kwa hiyo seva ilikuwa ikitumia toleo la zamani la programu, kama alivyoipanga. Jumatano haikulitumia tena. Nataka kujua kilichotokea hapo katikati."

Hedman alikaa. Alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka. "Jumanne! Kila Jumanne seva inajisasisha yenyewe. Toleo jipya limeingia, likajipachika juu ya la zamani. Hakuna mtu wa kulaumiwa hapo. Ni mashine."

"Nani kakwambia zinafanya hivyo?"

"Si ndivyo zinavyofanya? Mimi simu yangu kila nikiamka naikuta imebadilika sura. Juzi nimetafuta saa ya kuamshia mpaka nikachelewa kazini."

Kärnä aliandika neno "Jumanne". Maelezo hayo yalikuwa mepesi, na yalimfaa kila mtu: binti asingekuwa na kosa, ofisi isingekuwa na kosa, na hata yeye angekula chakula cha mchana kwa wakati. Ndiyo maana hakuyaamini mpaka aulize anayejua.

"Ni nani wanaoweza kuigusa seva?"

"Wawili tu. Sirkku na Raimo Ylitalo. Raimo yuko chini." Hedman alishusha sauti. "Mhurumie kidogo. Hao wawili wamekaa chumba kimoja miaka mingi kuliko ndoa yangu ilivyodumu. Kila majira ya joto Raimo alikuwa kwa Mzee Taisto, wanavua samaki. Baba yake mwenyewe alikufa mapema, unaelewa."

*

Chumba cha seva kilikuwa chini kabisa ya jengo, na hewa yake ilikuwa ya ubaridi mkavu wenye mvumo usiokoma. Raimo Ylitalo alikuwa mtu mkubwa mwenye ndevu, sweta la kufumwa kwa mkono limemkaza tumboni. Kulikuwa na viti viwili. Kärnä alipokwenda kukaa kile kilichokuwa tupu, Raimo alinyoosha mkono haraka.

"Hicho ni cha Sirkku. Samahani. Nitakuletea kingine."

Akatoka, akarudi na kiti cha kukunja, akakifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Macho yake yalikuwa mekundu na alionekana hajalala siku kadhaa.

"Mimi siijui hii mitambo yenu ya Linux," alisema Kärnä. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu angekuwa ameshasinzia." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Akageukia kioo cha kompyuta, na mara vidole vyake vilipogusa kibodi sauti yake ikapata uhai kidogo. "Sawa. Kengele ikiingia, seva inaita programu kwa jina. Jina ni 'kipokezi', basi. Lakini hilo jina lenyewe siyo programu. Ni kidole tu kinachoelekeza. Nyuma yake panaweza kuwa na matoleo mawili, matatu, hata kumi ya programu ile ile. Kidole kinapoelekeza, hilo ndilo chaguo-msingi. Ndilo linalofanya kazi. Mengine yamekaa tu."

"Na hapa mna matoleo mawili."

"Mawili. La zamani na jipya. La zamani linasikia kila bangili lakini lina mianya ya kiusalama. Jipya ni imara, ila bangili ya kizamani ikigonga mlango linaikataa."

"Nani anaamua kidole kielekee wapi?"

"Kuna hali mbili. Ya kwanza ni otomatiki. Kila toleo linapewa namba ya kipaumbele, na lenye namba kubwa ndilo linalokalia kiti. Jipya siku zote lina namba kubwa. Hali ya pili ni ya mkono. Mtu anasema: mimi nataka hili, nimeamua. Hapo mashine inanyamaza."

"Nionyeshe sasa hivi imekaaje."

Aliandika amri fupi. Kwenye kioo yakatokea maneno machache, naye akamsomea kwa kidole: kipokezi, hali ya otomatiki, linalotumika ni jipya. Chini yake matoleo yote mawili yalikuwa yametajwa, la zamani na jipya, kila moja na namba yake.

"Mkurugenzi wako anasema sasisho la Jumanne ndilo lililobadilisha," alisema Kärnä. "Kwamba toleo jipya liliingia likajipachika lenyewe."

Raimo alitikisa kichwa papo hapo, kama fundi seremala aliyeambiwa msumari umejipigilia wenyewe. "Haiwezekani. Ukishachagua kwa mkono, imeisha. Masasisho yaje hata mia, mashine haikigusi kile kidole. Ndiyo maana ya kuchagua kwa mkono. Asikudanganye mtu."

"Kwa hiyo kama Sirkku alikuwa amechagua toleo la zamani, Jumanne isingemgusa."

"Isingemgusa."

Alikuwa ameshalisema. Feni ziliendelea kuvuma. Raimo aliushusha mkono wake kutoka kwenye kibodi, akauweka juu ya paja, na Kärnä akaona jinsi alivyouangalia, kana kwamba si wake.

"Unauliza kama nilijua amechagua?" alisema hatimaye.

"Sijauliza hivyo. Hilo la kujua umelileta wewe." Kärnä alisogeza kiti. "Nimeuliza habari za mashine. Niambie, ni nini kinaweza kuiondoa hali ya mkono?"

"Mambo mawili."

"La kwanza?"

"Mtu aiamuru irudi otomatiki."

"La pili?"

Raimo alisugua paja kwa kiganja. Angeweza kusema hakuna la pili. Kärnä asingejua, angalau siku hiyo. Lakini huyu alikuwa mtu wa aina ambayo aliwahi kukutana nayo mara moja moja katika kazi yake: kujificha anaweza, kuidanganyia kazi yake hawezi.

"La pili, lile toleo lililochaguliwa liondolewe kabisa," alisema polepole. "Hapo kidole kinabaki kinaelekeza hewani. Mashine haikubali jina lisilo na kitu nyuma yake. Inarudi otomatiki yenyewe, inachukua lililobaki."

"Lakini toleo la zamani halikuondolewa. Nimeliona hapo kwenye kioo."

"Lipo."

"Jumatano jioni lilikuwepo?"

Raimo alirudisha macho kwenye kioo.

"Raimo. Mashine inajua toleo limewekwa lini?"

"Inajua."

"Iulize basi."

Kituoni Kärnä alikuwa na wataalamu ambao wangeifanya kazi hiyo kesho yake, tena kwa karatasi zenye mihuri. Alitaka aifanye Raimo. Vidole vile vikubwa viliandika kwa herufi moja moja, kama vya mtu anayejifunza. Jibu likatokea. Toleo jipya liliwekwa wakati wa vuli, walipohamia seva hii. Toleo la zamani, ambalo kwa maneno ya Sirkku lilihama siku ile ile pamoja na mwenzake, lilionyesha kuwa limewekwa Ijumaa iliyopita, asubuhi.

"Ijumaa asubuhi," alisema Kärnä, "mzee alikuwa ameshakufa. Na Sirkku alikuwa mbele yangu, upande wa pili wa meza yangu, analia. Ufunguo wake wa seva ulikuwa karibu na kikombe changu. Gunnel Hedman anashindwa hata kuipata saa kwenye simu yake. Nani amebaki?"

"Nimebaki mimi."

Alilisema bila kuinua sauti, kama mtu anayeitika jina lake kwenye orodha ya hospitali. Kisha akakizima kioo, akageuza kiti, akamtazama Kärnä usoni kwa mara ya kwanza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nafagia seva. Wakaguzi wa usalama wanakuja mwezi ujao, wanataka matoleo yote makuukuu yatoke. Nikafika kwenye kipokezi, nikaona limechaguliwa la zamani, kwa mkono. Nikajiambia, huyu Sirkku kaliacha hivi tangu tulipohama, kalisahau. Orodha yetu inasema bangili za zamani zote zilirudishwa. Hata ya Taisto imeandikwa imerudishwa. Kumbe aliiandika hivyo Sirkku mwenyewe, ili wasije kumnyang'anya baba yake."

"Hukumpigia."

"Simu nilishaishika mkononi." Akafungua kiganja, akakitazama. "Inspekta, mimi ndiye niliyemsukuma aende. Miaka na miaka hajapumzika, kwanza anamuuguza mama yake, halafu anamwangalia baba. Nikamwambia, nenda, mimi nipo. Nikamwambia ukinipigia simu nakata. Sasa nimpigie mimi, kumuuliza habari za takataka? Nikairudisha simu mfukoni. Nikaliondoa. Halafu nikaenda kula."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi tuko kwenye supu ya njegere, Hedman anaingia anasema Taisto Vänskä amekutwa amekufa, bangili mkononi. Nikashuka huku. Hili toleo jipya, kila likiikataa kengele linaandika kwamba limeikataa. Nikasoma." Akakitazama kioo alichokizima. "Yameandikwa yote. Kuanzia jioni."

Kärnä alifungua mdomo kuuliza mzee alibonyeza mara ngapi. Lilikuwa swali la halali kabisa, na lilikuwa na nafasi yake kwenye fomu.

"Usiniulize," alisema Raimo. "Nenda ukasome mwenyewe."

Hakuuliza.

"Ijumaa ukalirudisha."

"Nikalirudisha. Nilitaka seva ionekane kama hakuna aliyeigusa."

"Lakini chaguo halikurudi."

"Toleo linarudi. Chaguo la mkono halirudi lenyewe, lazima mtu achague upya. Ni amri moja tu. Niliiandika yote hapo, nikabakiza kubonyeza." Akaonyesha kibodi kwa kidevu. "Ningebonyeza, kila kitu kingekuwa kama zamani. Mngesema ni bangili mbovu, betri, sijui nini. Sirkku angejilaumu maisha yake yote kwamba alimwachia baba yake kitu kichakavu. Nikakaa hapa kama saa nzima. Mkono ukakataa. Nikaifuta ile amri. Kwa hiyo sikuweza kuficha mpaka mwisho, na kusema nako sikuweza."

"Ulijua kwamba amejitwisha kosa?"

"Alinipigia Ijumaa jioni." Sauti ilianza kumkatika. "Alikuwa analia, ananiomba msamaha. Mimi! Eti amenichafulia kazi yangu, amenificha jambo, nimsamehe."

"Ukamwambia nini?"

Raimo alifuta ndevu kwa kiganja, mara mbili, mara tatu.

"Nikamwambia pole."

Kärnä alisimama, akakunja kiti kile alicholetewa na kukiegemeza ukutani. Katika kazi yake alikuwa amewakamata watu wengi, na mara nyingi kulikuwa na kitambo kidogo cha kuridhika wakati vipande vinapokaa mahali pake. Safari hii alikingoja, hakikuja.

"Vaa koti," alisema. "Kuna baridi."

*

Sirkku alikuwa nyumbani kwa baba yake. Kärnä aliegesha gari nje ya lango, akamwacha Raimo kiti cha nyuma, akaingia peke yake. Jua lilikuwa linakwenda kuzama ingawa mchana haukuwa umeenda mbali, na jikoni taa zilikuwa zimewashwa. Sirkku alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Suti nyeusi ilining'inia mlangoni.

"Mtu wa mazishi anataka nguo kesho," alisema bila kugeuka. "Kola hii hainyooki. Mama alikuwa anaipulizia maji kwa mdomo."

"Sirkku, weka pasi chini."

"Nasikia hivi hivi."

Kärnä akamweleza moja kwa moja, kwa kuwa hakuna njia nzuri ya kueleza. Alianza na karata za Jumapili na ukuta uliojibu. Akamweleza hali ya mkono na hali ya otomatiki, ingawa Sirkku alizijua kuliko yeye. Akasema kwamba toleo la zamani liliondolewa Jumatatu na kurudishwa Ijumaa asubuhi. Pasi ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, kisha ikasimama. Moshi mwembamba ukaanza kutoka chini yake, Kärnä akainyanyua mwenyewe na kuichomoa.

"Nilikuwa nimechagua," alisema Sirkku.

"Ulikuwa umechagua. Hukusahau chochote. Si wewe."

Alisubiri kuona mabega yale yakishuka. Siku tatu alikuwa akimfikiria mwanamke huyu aliyenyoosha mikono apigwe pingu, na njia nzima kutoka mjini alijiambia kwamba angalau anampelekea hili moja. Mabega hayakushuka. Sirkku alikuwa anahesabu kimya kimya, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi, kwa sababu watu wenye ufunguo walikuwa wawili.

"Alijua kwamba baba..."

"Hakujua. Alidhani ni kitu kilichosahauliwa. Hakutaka kukusumbua likizoni."

"Lakini Ijumaa alijua. Nilipompigia."

"Ijumaa alijua."

Sirkku alivuta kiti cha jikoni akakaa. Aliipitisha mikono juu ya paja, akiulainisha upande wa sketi usiokuwa na mkunjo.

"Afadhali ningekuwa mimi," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Wewe hujui. Ningekuwa mimi, ningekuwa na mtu wa kumlilia. Siku zote hizi nimekuwa nikisema, acha nihukumiwe, acha nifukuzwe kazi, Raimo yupo. Sasa umeniondolea kosa, nikae na nini? Nikae na nani?" Hapo ndipo alipolia, kwa sauti ya chini, mkono mdomoni, kama watu wa nchi ile ya baridi wanavyolia hata wakiwa peke yao. Kärnä alisimama kando yake. Hakumgusa, ila hakusogea.

Ilipopita, Sirkku alijifuta uso kwa mkono wa lile shati jeupe, akaliona alilofanya, akalikunja pembeni. Atatafuta jingine.

"Atashtakiwa?"

"Kwa kuiondoa programu, sidhani. Ilikuwa kazi yake. Kwa kuficha, na kukuacha ubebe lisilo lako, hilo mwendesha mashtaka ataliangalia."

"Yuko wapi?"

"Kwenye gari langu, hapo nje."

Sirkku alikwenda dirishani. Kutoka pale gari lilionekana, vioo vimeanza kuingia ukungu, na nyuma ya ukungu kivuli kikubwa kilichoinamisha kichwa. Alikitazama muda mrefu. Mara moja alishika kitasa cha mlango, Kärnä akadhani anatoka. Akakiachia.

"Jumamosi nahitaji wabebaji sita wa jeneza," alisema. "Nina binamu wawili, na wazee watatu wa boti, mmoja wao mgongo umekwisha. Wa sita ni yeye, nimeshampanga upande wa kichwa, ndiko kuzito. Sina mwingine. Mwambie aje abebe. Baba alimpenda, na sitaki baba yangu aangushwe kwa ajili yetu. Lakini akishamaliza aondoke. Kahawa ya matanga asikae. Na asinipe mkono."

"Nitamwambia."

"Umwambie hivyo hivyo. Usilainishe."

Kärnä alitoka. Giza lilikuwa limeshashuka juu ya theluji. Aliingia garini, akafunga mkanda, akamwambia Raimo neno kwa neno, bila kulainisha. Alikuwa anamwona kwenye kioo cha juu. Raimo alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali kila jambo kwa zamu yake: kubeba, kuondoka, kahawa, mkono.

"Usiku wa leo," aliuliza, "ana mtu wa kukaa naye?"

Kärnä aliitazama nyumba ile, taa moja ya jikoni na dirisha tupu.

"Hana," alisema, akawasha gari.